Barua ya wazi kwa wakuu wa maabara ya chuo inayofanyia kazi idara za ujasusi: waambieni wenye sauti, na muwaambie kwa Kiswahili

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Maabara,
Kwa Mheshimiwa Rais wa Chuo Kikuu,
Kwa Wajumbe wa Kamati ya Maadili ya Utafiti,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni Mkenya, nimezaliwa Nairobi nikakulia Kayole, na huku Marekani huu ni mwaka wangu wa tisa. Sura yangu hamuijui lakini kazi yangu mnaijua, kwa sababu kwa miezi kumi na nne nilikuwa mmoja wa wale wanaovaa hedfoni usiku, anasikiliza maongezi ya simu ya Kiswahili na kuyaandika neno kwa neno, kupitia kampuni ya kati iliyopewa tenda na maabara yenu. Jina la maabara na la chuo siliandiki hapa, nyinyi wenyewe mnajijua na sijaja kumwaibisha mtu. Nimewatumia imeli nne tangu mwaka jana, nikapiga simu ofisi ya malalamiko ya chuo mara mbili, nikaambiwa nisubiri nitapigiwa, na mpaka leo simu haijalia. Ndio maana nimeamua kusema hadharani. Na nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu watu ninaowasemea wanasoma Kiswahili, na nyinyi watu wa kuwasomea mnao, na mashine pia mnazo.

Kwa wasomaji ambao hivi vitu hawajawahi kuvisikia, nieleze kidogo. Huku kuna vyuo vikuu ambavyo ndani yake kuna maabara inayoishi kwa mkataba mrefu na Wizara ya Ulinzi au na idara za ujasusi, maabara iko chini ya chuo lakini mteja ni serikali. Ni mfumo wa zamani. Ile ya Johns Hopkins ilianza 1942 vita vikiwa vimepamba moto, ikatengeneza kifaa cha kufanya kombora la mzinga lilipuke likikaribia ndege. Ile ya Chuo Kikuu cha Maryland ya ujasusi na usalama, inaitwa ARLIS, ni ya 2018, na kabla yake chuo hichohicho kilikuwa na kituo cha lugha tangu 2003 kilichoanzishwa kwa hela za Wizara ya Ulinzi. Januari 2023 Howard ikatangazwa kuwa ya kwanza kati ya vyuo vya kihistoria vya watu weusi kupewa maabara kama hii, dola milioni 90 kwa miaka mitano kutoka jeshi la anga. Nimezitaja ili mtu aelewe tunaongelea kitu gani, si kwamba ndizo ninazozilalamikia.

Sasa Kiswahili kimeingiaje hapo? Idara za ujasusi za Marekani zina shirika lao la utafiti linaitwa IARPA. Lilikuwa na mradi wa Babel, lengo lake mashine iweze kutafuta neno ndani ya maongezi ya simu, kwa lugha yoyote, haraka. Zikakusanywa lugha zaidi ya ishirini, Kiswahili kimo, na Dholuo imo pia, ndugu zangu wa Kisumu mjue. Mkusanyiko wa Kiswahili ni kama saa 200 za watu wakiongea kwa simu, sauti za upande wa Nairobi, wengine wako barabarani wengine nyumbani wengine ndani ya gari. Mwaka 2015 Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kushtukiza, yaani wanasayansi wanafichwa lugha mpaka siku ya mtihani, halafu wanapewa data na muda mfupi waonyeshe mashine zao zinaweza. Mwaka 2017 ukaja mradi mwingine, MATERIAL, ambao unataka mchambuzi asiyejua hata "habari yako" aandike swali lake kwa Kiingereza, mashine ikatafute kwenye maandishi na sauti za Kiswahili, imletee jibu na muhtasari kwa Kiingereza. Kiswahili, Tagalog na Kisomali ndizo zilikuwa za mwanzo. Haya yote yamechapishwa, mtu yeyote anaweza kuyasoma. Mradi niliofanyia kazi mimi si hiyo, ulikuwa mdogo, lakini ni wa ukoo mmoja.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Wenye sauti hawajui sauti zao zinafanya kazi gani.

Nianze na mama mmoja. Kwa sauti namkadiria miaka hamsini hivi. Alikuwa anaongea na dada yake, nyuma unasikia konda anaita watu, honi, mvua kwenye bati. Alikuwa anamweleza dada yake kwamba mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na kwamba amemwomba jirani na jirani amekataa, halafu akanyamaza. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika pale alama ya kunyamaza na sekunde ngapi. Nilihesabu sekunde kumi na moja. Baadaye akaendelea kuhusu unga. Kazi niliimaliza lakini huyo mama hajanitoka kichwani.

Fomu waliyosaini watu kama yeye niliiona, ilikuwa kwenye folda ya mafunzo tuliyotumiwa. Kurasa tatu, Kiingereza kitupu. Imesema sauti zitatumika kwa "utafiti wa teknolojia ya lugha". Neno ujasusi halimo, neno usalama halimo, jina la mfadhili halimo. Na sisi waandikaji tuliambiwa hivyohivyo. Nilikuja kujua mfadhili ni nani miezi kadhaa baada ya kumaliza, nikisoma makala ya wanasayansi wenu, pale mwisho kwenye shukrani, mstari mmoja wa maandishi madogo. Mtu wa Kayole hasomi shukrani za makala ya sayansi ya kompyuta jamani. Kama taarifa ilikuwa si siri kiasi cha kuwekwa kwenye makala, ilishindikana nini kuwekwa kwenye fomu?

Na msishangae Mkenya akiuliza haya. Mei 2014, kutokana na nyaraka alizozitoa Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi za ujasusi za Marekani, iliripotiwa dunia nzima kwamba NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, ilikuwa inakusanya taarifa za simu za Kenya, nani kampigia nani na saa ngapi. Hapa kwenu watu walikubali kurekodiwa, najua, ni kitu tofauti. Lakini mtu aliyekubali kusaidia "teknolojia ya lugha" anafikiria simu yake itamwelewa akiongea, hafikirii kwamba sauti yake inaifundisha mashine kusikiliza simu za majirani zake.

2. Lugha yetu haieleweki na waliopewa kuisimamia, na kosa linaweza kumwangukia mtu.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye uchungu wangu mkubwa kama mtu wa lugha.

Kulikuwa na kijana kwenye rekodi moja anamwambia rafiki yake, nikiandika kwa kufuata maana: vaa vizuri, beba chupa, tukutane kijiweni saa mbili. Lakini mtoto wa Nairobi hasemi hivyo. Maneno yake yalikuwa, "Dunga poa, beba mzinga, tukutane base saa mbili." Haya, chukua kamusi. Kudunga ni kuchoma kwa kitu chenye ncha. Mzinga ni silaha kubwa ya kivita, ama nyumba ya nyuki. Base, mtu wa Kiingereza anaona kambi. Msimamizi wetu, mtu mzuri tu, alijifunza Kiswahili darasani na anakiongea vizuri kuliko wengi, aliiwekea ile sentensi alama ya vurugu. Nikamwandikia kwamba hapana, kudunga ni kuvaa, mzinga ni chupa kubwa ya pombe, base ni pale vijana wanakaa. Akanijibu kwamba asante, lakini fungu, yaani lile kundi la rekodi tulilokuwa tunaandika, limeshafungwa na limeshatumwa. Limeshatumwa! Kwa hiyo kuna mashine mahali imefundishwa kwamba vijana wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, wakipanga kwenda sherehe wanapanga vita.

Na hiyo ni moja. Tunasema tumeshambulia pilau. Tunasema ameniua, na mtu anacheka. Kitu kikiwa kizuri Tanzania wanasema bomba, na mwenye sikio dogo anasikia bomu. Amenipiga inaweza kuwa kanichapa, inaweza kuwa kanitapeli, na amenipiga chini ni mapenzi yameisha. Bado hujaenda Lamu, hujaenda Unguja, hujaenda Lubumbashi ambako Kiswahili chao hata mimi nakaza masikio. Mkichukua sauti za Nairobi mkaita "Kiswahili" halafu mashine ikatumika kumsikiliza mvuvi wa kisiwa cha Pate, hapo mnasikiliza kitu gani?

Mchambuzi anayetegemea muhtasari wa Kiingereza hana njia ya kujua kwamba muhtasari umekosea. Hilo ndilo linanikosesha usingizi. Kwa mtu wa kawaida kosa la tafsiri ni kicheko, lakini kwa kijana wa Kiislamu wa Mombasa ama Garissa jina lake likiwa kando ya neno lililotafsiriwa vibaya, hicho si kicheko.

3. Kufuta jina hakumfichi mtu.

Mlituambia kwenye mafunzo kwamba data haina majina kwa hiyo ni salama. Lakini sauti yenyewe ni jina. Mimi nilimtambua mtu. Ni kweli, kulikuwa na mwalimu wangu wa shule ya msingi kwenye rekodi, nilimjua kwa neno la kwanza, namna anavyoburuta "r", na sikumwambia mtu yeyote kwa sababu nilikuwa nimesaini usiri. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja utambuzi wa sauti kati ya taarifa za kibayometriki, sawa na alama za vidole na DNA. Kwa hiyo kwetu kisheria sauti ni kitu kizito, msije mkaichukulia kama maandishi tu.

4. Kamati ya maadili haiwezi kuwa mlango wa kupitia tu.

Kanuni za Marekani zenyewe zinazolinda watu wanaofanyiwa utafiti zinasema maelezo ya ridhaa yatolewe kwa lugha ambayo mhusika anaielewa. Ni kanuni yenu hiyo. Halafu najua pia kwamba zilipofanyiwa marekebisho ziliongezwa kipengele kinachosema shughuli zilizoidhinishwa za ujasusi na ulinzi wa taifa hazihesabiwi kuwa utafiti. Basi mtuambie ukweli, hii kazi ni utafiti ama ni shughuli ya ujasusi? Kama ni utafiti, fomu ya Kiswahili iko wapi. Kama ni shughuli ya ujasusi, kwa nini watu walifuatwa kwa jina la chuo, na nembo ya chuo ikiwa juu ya karatasi? Watu wetu wanakiheshimu chuo kikuu. Mama yangu akiona nembo ya chuo anasaini bila kuuliza, kwa sababu kwake chuo ni mahali watoto wanaenda kusoma.

5. Sisi wa lugha tunafungiwa nje. Tunaandika, tunasahihisha, halafu matokeo hatuyaoni kwa sababu kibali cha siri ni cha raia wa Marekani. Sheria ni yenu, naiheshimu. Lakini wekeni basi njia ya mwenye lugha kusema hapa mmekosea na neno lake lifike, hata baada ya fungu kufungwa.

Sasa najua mtakavyonijibu, kwa hiyo nijibu mapema.

Mtasema ni usalama. Waheshimiwa, tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa mtoto wa shule. Shangazi yangu alikuwa akifanya kazi mjini, jengo la jirani na ubalozi wenu. Walisikia kishindo cha kwanza wakakimbilia dirishani kuangalia kuna nini, kama walivyofanya wengi siku ile, na bomu lenyewe likawakuta pale kwenye vioo. Shangazi alipoteza jicho. Nairobi walikufa watu 213 na Dar es Salaam 11, na wengi mno walikuwa watu wetu. Halafu shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, 2013. Halafu Garissa, Aprili 2015, wanafunzi wa chuo kikuu, watu 148. Mwaka uleule Kiswahili kinafanywa lugha ya kushtukiza. Kwa hiyo usalama naujua kwa majina ya watu. Wala sijaomba mfunge maabara. Mimi mwenyewe ningeambiwa ukweli ningeweza kuifanya ile kazi, tena kwa moyo, na nina hakika wengine pia. Wengine wangekataa, na hiyo ni haki yao.

Mtasema walisaini na walilipwa. Walisaini karatasi ya lugha nyingine iliyoacha jambo kuu nje. Mnunuzi akikuta shamba lina kesi ambayo muuzaji hakuitaja anaenda mahakamani, hata kama saini ni yake.

Mtasema siku hizi kila kampuni inakusanya sauti, na kuna data za bure. Ndio, kuna Common Voice ya Mozilla, mradi wa kukusanya sauti za watu wa lugha mbalimbali, watu wetu wameingia wenyewe wakasoma sentensi za Kiswahili kwa hiari, wakijua sauti inawekwa wazi kwa yeyote. Huo ndio mfano mzuri wa kuiga, kwamba watu wakiambiwa waziwazi wanajitokeza.

Na mtasema mfadhili akitajwa mradi utakufa. Historia yenu inasema kinyume. Mwaka 1965 kulikuwa na Mradi Camelot, uliendeshwa na ofisi ya utafiti ya American University kwa hela za jeshi la Marekani, kuchunguza machafuko katika nchi za watu. Kule Chile wasomi walifuatwa bila kuambiwa kwamba jeshi liko nyuma, walipogundua ikawa kelele mpaka bungeni, na Julai mwaka huohuo waziri wa ulinzi akaufuta. Ule ukimya ndio uliochoma moto. Na vyuo vyenu vingine vimewahi kulazimishwa na watu wao kujibu maswali kama haya, MIT wanafunzi na walimu walisimama 1969 na mwishowe maabara moja kubwa ikatenganishwa na chuo 1973, Stanford nayo ikaachana na taasisi yake ya utafiti 1970. Nyinyi mna nafasi ya kujibu kabla haijafika huko.

Ninachoomba, na sidhani ni kikubwa:

Kwanza, andikeni tangazo la Kiswahili, la ukurasa mmoja, lenye jina la mfadhili na matumizi ya sauti kwa maneno ya kawaida, mlipeleke kwa kila aliyerekodiwa. Namba zao mnazo, ndizo mlizowalipia kwa M-Pesa. Asiyesoma apigiwe na asomewe.

Pili, atakayesema anataka sauti yake itolewe, itolewe, na aambiwe imetolewa.

Tatu, kila fomu kuanzia sasa iandikwe kwa lugha ya anayesaini, ikaguliwe na mtu aliyekulia kwenye lugha hiyo na si mtu wa kamusi.

Nne, fungueni upya mafungu ambayo waandikaji walileta masahihisho baada ya kufungwa. Ya kwangu nimeyahifadhi kwa namba za faili, 37, sijanakili faili la sauti wala la maandishi, nina namba tu. Nitakuja ofisini kwenu siku yoyote nikae na mtu wenu tuzipitie moja moja, bila malipo.

Tano, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya ipewe taarifa rasmi kwamba sauti hizi zipo na ziko wapi.

Nawapa siku thelathini kuanzia leo. Mkinijibu nitaliweka jibu lenu hapahapa lote bila kulikata, hata kama halinipendezi. Msiponijibu nitaipeleka barua hii kwa Kamishna huyo Nairobi na kwa baraza la maprofesa la chuo chenu, na nitawatafuta waandikaji wenzangu tuliofanya pamoja ili kila mmoja aandike yake.

Yule mwalimu wangu bado yuko hai, anaishi Machakos sasa, anafuga kuku. Nilimpigia Jumapili kumjulia hali na nikashindwa kumwambia, kwa sababu ya ile karatasi ya usiri. Naomba mnifungue hapo. Mnipe ruhusa ya maandishi nimwambie mimi mwenyewe, ama mumwambie nyinyi.

Wenu kwa heshima,
Mwandikaji wenu wa zamani wa Kiswahili, mzaliwa wa Nairobi